UZI: Nyutrofili 1.2, na watoto wa sikoseli tunaowasimamishia dawa

Mpimadamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nina miaka kumi na minne kwenye maabara ya hospitali moja ya mkoa. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauweka, kwa sababu ya mtoto mmoja.

Ana miaka saba, ana sikoseli (ugonjwa wa kurithi ambao seli nyekundu za damu hugeuka umbo la mundu), anatumia haidroksiurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu. Kila anapokaribia dozi inayomfaa, FBP (kipimo cha hesabu ya seli zote za damu) inatoka na nyutrofili, aina ya seli nyeupe za kinga, 1.2 au 1.3 (yaani bilioni kwa kila lita ya damu), na pembeni ya namba kuna herufi L, maana yake iko chini ya kawaida. Kliniki wakiiona L wanasimamisha dawa wiki tatu, mara nyingine mwezi. Mwaka jana alisimamishwa mara tatu. Mara mbili kati ya hizo alirudi wodini analia mifupa, na safari ya mwisho akaongezewa damu. Aliyesaini majibu yote yale ni mimi.

Mashine yetu ilikuja na kiwango cha kawaida cha 1.5 hadi 8. Sisi tukakifuata, daktari akafuata karatasi yetu. Swali ambalo nilipaswa kuliuliza miaka mingi nyuma ni hili: kawaida ya nani? Viwango vile vilipatikana kwa kupima watu wenye afya, wengi wao wa asili ya Ulaya. Watafiti walipopima watu wazima wenye afya njema Kericho, Kisumu, Mbeya na kwingineko mashariki na kusini mwa Afrika, wakachapisha matokeo kati ya 2008 na 2011, hesabu za nyutrofili zilikuwa chini kuliko zile za vitabu. Mpaka wa chini ulikuwa karibu na 1.0. Yaani mkulima mzima, anayelima na kucheza mpira jioni, mashine yetu ingemwandikia L.

Nitaeleza sababu taratibu. Ni habari ndefu lakini inaeleweka, na mimi si daktari, ni mtu wa darubini, kwa hiyo madaktari mliomo humu nisahihisheni.

---

Mpimadamu

Kwanza nyutrofili zenyewe. Ni kundi la seli nyeupe, ndizo za kwanza kufika bakteria wanapoingia kwenye kidonda au mapafuni. Zinameza, zinamwaga kemikali za kuua, na zikizidiwa zinatema DNA yake yenyewe kama wavu wa kunasa vijidudu. Zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa, na mwili wa mtu mzima unatengeneza kama bilioni 100 kwa siku, kwa sababu hazidumu.

Sasa, tunapochoma mshipa wa mkono tunahesabu zile tu zinazopita kwenye damu wakati ule. Zilizomo kwenye uboho zikisubiri hatuzioni. Zilizoshikilia kuta za mishipa hatuzioni. Zilizokwisha kutoka kwenda kwenye bandama na nyama za mwili hatuzioni pia. Ni kama kuhesabu ngalawa zilizo ufukweni asubuhi ukasema kijiji hiki hakina wavuvi, na wenyewe wako baharini kazini.

Tuje kwenye Duffy. Mwaka 1950 huko London alikuwepo mgonjwa wa hemofilia aliyeongezewa damu mara nyingi, jina lake Duffy. Kwenye damu yake wakakuta kingamwili dhidi ya alama fulani iliyo juu ya seli nyekundu za watu wengine, alama ambayo ilikuwa haijajulikana. Ikapewa jina lake. Baadaye ikaonekana Waafrika wengi hawana alama hiyo kabisa kwenye seli nyekundu.

Miaka ya 1970 Mmarekani Louis Miller na wenzake wakaonyesha faida yake. Malaria ya vivaksi inaitumia alama ya Duffy kama mlango wa kuingilia kwenye seli nyekundu. Asiyekuwa na mlango, vimelea vinagonga vinaondoka. Ndiyo maana malaria tunayougua huku ni ya falsiparamu zaidi, na ya vivaksi ni adimu. (Adimu, haimaanishi haipo: imeshakutwa kwa wasio na Duffy, Madagascar kwa mfano.)

Mwaka 1995 watafiti wa Paris wakapata chanzo cha kukosa alama hiyo: herufi moja tu ya DNA, T imekuwa C, sehemu ambapo jeni ya Duffy inawashwa. Na uzuri wake ni huu, swichi iliyoharibika ni ile inayotumiwa na seli za ukoo wa damu nyekundu peke yake. Kwenye kuta za mishipa midogo ya damu alama ya Duffy ipo vilevile kama kwa watu wote. Kwa hiyo asiye na Duffy hajapoteza jeni, ameizima mahali pamoja.

---

Kaskazi_Kavu

Nimekaa hapa. Ila mkuu, alama ya seli nyekundu inahusianaje na hesabu ya seli nyeupe? Hapo umeniacha.

---

Mpimadamu

Mkuu Kaskazi, hata wanasayansi iliwachukua muda. Mwaka 2009 kundi lililokuwa na mtafiti wa vinasaba David Reich lilitafuta kwenye vinasaba vya Wamarekani wenye asili ya Afrika ni kitu gani kinachofanya nyutrofili zao ziwe chache. Sehemu iliyojitokeza ilikuwa ileile, herufi ile ya Duffy. Mwenye nakala mbili za C, kutoka kwa baba na kwa mama, ndiye mwenye hesabu ya chini.

Namna inavyofanya kazi: Duffy ni kipokezi cha kemokini. Kemokini ni ujumbe wa kemikali ambao seli za kinga hupelekeana, wa kuita wenzake waje mahali fulani. Duffy inazishika kemokini bila kupeleka amri yoyote ndani ya seli, inazikusanya tu kama sifongo. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani wakaonyesha kwa panya kwamba ndani ya uboho, seli changa za damu nyekundu zenye Duffy zinagusana na seli mama za damu. Ukiiondoa Duffy kwenye seli hizo changa, seli mama zinaanza kuzaa nyutrofili za namna nyingine kidogo: zimebeba silaha nyingi zaidi, na zinatoka upesi kwenye damu kuingia kwenye bandama na mwilini. Kwenye mshipa zinaonekana chache. Uboho uko salama, na watu hawa hawaugui maambukizi kuliko wenzao.

Nilipolisoma jambo hili niliamka nikaenda kutazama slaidi za zamani kabatini. Miaka yote nilikuwa nakiita "upungufu".

---

MamaZai

Dada Mpimadamu, nasoma huku mikono inatetemeka. Mwanangu ana sikoseli, miaka mitano. Tumesimamishwa dawa mara mbili kwa ajili ya "seli nyeupe zimeshuka". Niliambiwa dawa inaua kinga ya mtoto. Nikaogopa, mara ya pili hata waliporuhusu nilikaa nayo wiki nzima sijampa. Naomba unieleze kwa lugha ya mama: dawa hii inamuua au inamponya?

---

Mpimadamu

Mama Zai, pole sana, na kuogopa kwako si kosa. Ngoja nikupe nilicho na uhakika nacho, dozi tutamwachia daktari.

Haidroksiurea inazuia kimeng'enya ambacho seli inakihitaji kutengeneza DNA, hivyo uboho unapunguza mwendo kidogo. Matokeo mawili yanamfaa mtoto wako. La kwanza, mwili unarudia kutengeneza hemoglobini ya kichanga, ile aliyokuwa nayo tumboni, na hiyo haikubali seli zigeuke mundu. La pili ndilo watu hawalisemi: nyutrofili kushuka ni sehemu ya uponyaji. Kwenye sikoseli nyutrofili huwa nyingi na zenye hasira, zinanata kwenye kuta za mishipa midogo, halafu zinazikamata seli mundu zinazopita, mshipa unaziba. Hayo yameonekana kwa macho kwenye mishipa ya panya. Katika utafiti mkubwa wa kwanza wa dawa hii, uliotoka Marekani 1995 kwa watu wazima 299, mtu wa katikati kati ya waliotumia dawa alipata maumivu makali mara 2.5 kwa mwaka, na wa katikati kati ya wasiotumia mara 4.5.

Sasa uje nyumbani. Utafiti unaoitwa REACH ulifanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi wakatumia dawa, matokeo yakachapishwa 2019. Ukilinganisha kabla ya dawa na baada, kwa kila watoto 100 kwa mwaka: mashambulizi ya maumivu yalitoka 98 yakawa 45. Malaria ilitoka 47 ikawa 23. Vifo vilitoka 3.6 vikawa 1.1. Watu walihofia kwamba dawa inayoshusha seli nyeupe itawafungulia watoto mlango wa malaria na maambukizi, na yote mawili yalipungua.

Na kwenye utafiti ule dawa ilikuwa inasimamishwa nyutrofili zikishuka chini ya 1.0. Mtoto niliyewaeleza hapo juu, mwenye 1.2, Kilifi angeendelea na dawa yake.

---

Dkt_Msafiri

Nashukuru kwa uzi. Mimi ni daktari wa watoto. Naunga mkono kwa sehemu kubwa, ila kuna mambo lazima yasemwe kwa sauti kabla mtu hajaondoka hapa na nusu ya habari.

Moja: mtoto wa sikoseli mwenye homa ni dharura, hata nyutrofili zake ziwe 5.0. Bandama yake imeharibika mapema, hana ulinzi dhidi ya bakteria wa nimonia na wengine. Mzazi asikae nyumbani akasema "dada wa jukwaani kasema 1.2 ni kawaida".

Mbili: Duffy haishushi hesabu hadi 0.3. Chini ya 0.5 ni hatari kwa mtu yeyote, wa kabila lolote. Na kabla sijasema "hii ni asili yake" nauliza: ana VVU? Anatumia zidovudini au septrini? Ana taifodi, TB, upungufu wa vitamini B12? Je, sahani (chembe za kugandisha damu) na hemoglobini nazo zimeshuka? Zikishuka zote tatu mimi silali, nawaza uboho.

Tatu: nimewahi kuona wenzangu wakiongeza dozi kwa kujiamini bila kipimo cha mwezi. Dawa hii inafaa mno, na inahitaji damu ipimwe.

---

Mpimadamu

Daktari, ahsante, hayo ndiyo niliyotaka yasemwe na mtu mwenye mamlaka. Niongezee upande wa maabara, kwa sababu hata sisi tunaweza kuzalisha namba ya uongo. Damu iliyokaa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau tangu asubuhi hadi jioni, nyutrofili zake zinaanza kuvunjika na mashine inazisoma vibaya. Mtoto aliyepambana na kulia dakika kumi kabla ya kuchomwa, zile zilizoshikilia kuta za mishipa zinamwagika kwenye damu na hesabu inapanda. Kwa hiyo namba moja ya siku moja isiamue jambo kubwa. Irudiwe, na slaidi itazamwe kwa jicho.

Na jambo kubwa kuliko yote: pimeni kabla ya dawa. Mtoto akianza na 2.0 na sasa ana 1.3, hiyo ni habari moja. Akianza na 6 na sasa ana 1.3, ni habari nyingine kabisa. Kwenye mafaili mengi niliyopitia hiki cha kwanza hakipo.

---

Pwani_Huru

Samahani kama nitawaudhi. Hii habari ya "damu ya Waafrika ni tofauti" tumeshaisikia zamani, na ilitumika kutudhalilisha. Huu si ubaguzi uleule unaorudi umevaa koti jeupe?

---

Mpimadamu

Hujaniudhi hata kidogo, na wengine wameuliza kama wewe. Hali hii kwa miaka mingi iliitwa kwa jina lenye maana ya "upungufu wa nyutrofili wa kikabila usio na madhara". Angalia jina lenyewe: kawaida ya Mzungu ndiyo kawaida, yako wewe ni upungufu. Mwaka 2021 madaktari wa damu huko Marekani walipendekeza jina hilo liachwe, hesabu hii itajwe kwa Duffy yenyewe, bila kabila na bila neno upungufu.

Na si suala la rangi ya ngozi. Ethiopia kuna watu wengi wenye Duffy, na vivaksi ipo kwa wingi. Rasi ya Arabuni wako wengi wasio nayo. Mtu wa Mombasa mwenye bibi wa Kihindi anaweza kuwa nayo, binamu yake asiwe nayo. Ukitazama ngozi unabahatisha. Kipimo cha kundi la damu la Duffy kipo, ni antisera (majimaji yenye kingamwili) kama zile za kupimia makundi A na B. Kwa huku kwetu, ambako karibu kila mtu hana, kipimo hicho hakiongezi mengi kuliko kurekebisha kiwango cha mashine.

Kudhalilishwa ninakokuona mimi ni mtoto kunyimwa dawa kwa sababu hakuna aliyejali kupima watu wenye afya wa mkoa wake.

---

Bint_Maskati

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, wazee wangu wa Unguja. Hayo ya Arabuni ni kweli bibie, mume wangu kabla ya operesheni ya nyongo alizungushwa miezi miwili, akaambiwa seli nyeupe chache, akatolewa mpaka uboho wa nyonga. Uboho ukaonekana mzima. Hakuna aliyetutajia Duffy. Leo ndo nalisikia. Maumivu ya ile sindano ya nyonga bado anayasema.

---

Leicester_Mtaa

Naomba nichangie upande wa magonjwa ya akili. Kaka yangu yuko kwenye klozapini, dawa ya skizofrenia, hapa Uingereza. Dawa nyingine zote zilishindwa, hii ndiyo iliyomrudishia usingizi na kazi. Historia yake ni kwamba 1975 huko Finland watu kadhaa walikufa kwa kuishiwa nyutrofili kabisa, ndipo ukawekwa utaratibu mkali wa kupima damu. Ni utaratibu wa haki. Ila kaka alisimamishwa ghafla kwa 1.4, kwa sababu mpaka wa kusimamisha ulikuwa 1.5, akaanguka vibaya, tukampoteza mtaani siku nne.

Baadaye daktari mwingine akatazama vipimo vyake vya ujana, kabla ya dawa yoyote: 1.7, 1.6, 1.8. Akampeleka kwa mtaalamu wa damu, akaandikishwa kwenye kundi ambalo mpaka wake ulikuwa 1.0. Miaka sita sasa hajasimamishwa. Kundi hilo lilikuwepo muda wote. Ila lazima mtu aombe, na sisi hatukujua kama kuna cha kuomba.

---

Mpimadamu

Leicester, nimesoma maneno ya siku nne nikaweka simu chini. Mwambie kaka nimemsalimu.

Kwa wanaofuatilia: Marekani nao waliweka mpaka wa chini kwa kundi hili mwaka 2015, kuanza klozapini kwa 1.0 badala ya 1.5, na 2025 wakaondoa ile rejista ya lazima iliyokuwa inazuia dawa kutoka bila majibu ya damu kuripotiwa. Kupima bado kunashauriwa. Kwenye saratani pia ni vilevile: majaribio mengi ya dawa mpya yanadai nyutrofili 1.5 ndipo uingizwe. Kwa hiyo mtu asiye na Duffy anaachwa nje, dawa inajaribiwa kwa wengine, halafu inakuja kutumika kwake bila kujulikana kinga yake itaipokeaje. Hilo ndilo linaloniuma kama mtu wa utafiti mdogo wa maabara. Kosa linajizaa.

---

Kaskazi_Kavu

Sasa mkuu, wewe hapo kazini umefanya nini? Maana mashine bado ina L.

---

Mpimadamu

Swali la haki. Nimeandika barua kwa mkuu wa maabara nikaambatanisha karatasi za viwango vya Afrika Mashariki. Kaafiki. Sharti ni kwamba lazima tuhakiki wenyewe, tupime angalau watu 20 wenye afya wa hapa tuone kama wanaingia kwenye kiwango kipya. Tumeanza na wachangia damu, kwa ridhaa yao.

---

MamaZai

Narudi na mrejesho. Nilikwenda kliniki nikiwa na daftari, nikaomba vipimo vyote vya mtoto tangu azaliwe. Muuguzi alinitafutia, Mungu ambariki. Kabla ya dawa nyutrofili zilikuwa 2.6. Juzi 1.2, sahani na hemoglobini ziko sawa, hemoglobini imepanda kutoka 7.1 hadi 8.8. Daktari amekaa na karatasi muda mrefu, akasema tunaendelea na dozi ileile, turudi kupima baada ya wiki nne, na homa yoyote nije usiku huohuo. Nimemeza mate ndo nikajibu sawa. Dada, mtoto jana kacheza rede na wenzake mpaka magharibi.

---

Dkt_Msafiri

Uamuzi mzuri huo. Mama, daftari hilo lifunike plastiki.

---

Mpimadamu

Mrejesho wa kwetu, kwa aliyeuliza. Watu 20 wametimia. Kumi na mmoja kati yao wana nyutrofili chini ya 1.5, na wote ni wazima, wengine ni wapiga kasia. Kiwango kipya kimekubaliwa kwenye kikao, ila fundi wa mashine hajafika kubadilisha mpangilio, kwa hiyo L bado inachapwa. Kwa sasa kila karatasi ya mtoto wa sikoseli naandika kwa kalamu chini yake: "Linganisha na kipimo cha kabla ya dawa. Kiwango cha hapa kinaanzia 1.0."

Yule mtoto wa miaka saba alikuja Jumanne. 1.3. Nimeandika, nimesaini, nikaipeleka karatasi mwenyewe hadi mlango wa kliniki.